Dodoma: Mji wa Kupita au Mji wa Kutazama?

Wageni wengi wanaokuja kwetu Ugogo husema neno moja tu: "Hapa hapana kitu cha kutazama." Hutoka Pwani kwenye bahari na majumba ya kale, au hutoka Usambara na Kilimanjaro kwenye migomba na ukungu, wakashuka Dodoma wakati wa kiangazi, wakakuta vumbi, miiba, na mibuyu isiyo na jani hata moja. Basi hufanya shughuli yao serikalini, hula chakula, hulala usiku mmoja, na kesho yake wamekwisha ondoka. Wala si wageni peke yao. Mjomba akija kutoka Tanga kututembelea, sisi wenyeji humkalisha sebuleni siku tatu, tukimwomba radhi kwa ukali wa jua.

Lakini tufikiri kidogo. Watu hutoa fedha nyingi kwenda Roma, mji mkuu wa Italia, kuutazama uwanja wa Colosseum uliofunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo. Anayefika pale huona ukuta mkubwa uliobomoka. Kinachomfanya akae nusu siku akiushangaa ni kwamba yupo mtu wa kumweleza: hapa alikaa kaisari, hapa walitokea simba, mlango ule ni wa wapiganaji. Akimkosa mwelezaji atasema, naam, ni mawe. Mawe hata sisi tunayo, na masimulizi yake yapo. Ila wanaoyajua ni wazee, na wazee hawakai milele. Kwa hiyo naomba leo nimchukue msomaji tutembee pamoja katika makao makuu yetu na kando kando yake, tuone yaliyopo.

Tuanze na jina lenyewe. Wazee husimulia kwamba tembo mmoja alikuja kunywa maji katika kijito cha Kikuyu (msomaji wa Kenya asishtuke, hili ni jina la mahali hapa hapa mjini), akazama miguu katika tope asiweze kutoka. Watu walipomwona wakasema kwa Kigogo, "Idodomya," maana yake amedidimia. Mahali pakaitwa hivyo, na wageni katika kuliandika jina wakalifanya Dodoma. Iko hadithi ya pili, nayo mimi huipenda zaidi ingawa haitupi sifa njema. Yasemwa kwamba vijana wa hapa waliiba ng'ombe za majirani wa ng'ambo ya mto Ruaha, wakazichinja na kuzila zote, wakabakiza mikia tu. Wenye mali walipofuata nyayo, wezi wakaenda mbio wakaichomeka ile mikia katika tope, kisha wakawaonyesha kwa huzuni kubwa: "Tazameni, jamani, ng'ombe zenu zimedidimia!" Hadithi ipi ni ya kweli, kila ukoo una jawabu lake. Mpeleke mgeni kwanza kwa mzee mwenye kuzijua zote mbili, ndipo umtembeze.

Kisha mpeleke stesheni ya zamani. Wadachi walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli hapakuwa na mji hapa. Palikuwa na tembe za Wagogo, na njia za misafara ya pembe iliyokuwa ikienda Tabora na kurudi Pwani. Burton na Speke walipita Ugogo mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote walilalamika sana juu ya hongo waliyotozwa na watemi wetu. Ukisoma habari zao utadhani Wagogo walikuwa wanyang'anyi. Lakini msafara ule una watu mamia, wote wana kiu, na maji ni ya kisima kilichochimbwa kwa mikono na kulindwa kiangazi chote. Kutoa kitambaa na shanga kwa maji ya namna hiyo si jambo la kustaajabisha. Sehemu ya mashariki, mtu akitoka Mpwapwa, misafara iliiita Marenga Mkali, yaani maji makali, nayo waliivuka mbio mbio kwa sababu haina maji ya kunywa. Leo basi la abiria huikata mbuga ile huku watu wamesinzia.

Reli ndiyo iliyoifanya Dodoma kuwa njia panda, maana barabara kuu ya kaskazini na kusini, ile iliyotakiwa kuunganisha Cairo na Cape Town, inakutana na reli hapa hapa. Hata ndege zilitua mapema. Tangu mwaka 1932 ndege za Waingereza za kwenda Afrika ya Kusini zilikuwa zikituama Dodoma katikati ya Moshi na Mbeya, mpaka mwaka 1937 zilipohamishiwa njia ya Pwani. Sasa tunayo reli mpya pia: tangu Julai 2024 gari moshi la umeme hutuleta kutoka Dar es Salaam kwa saa nne hivi, safari iliyokuwa ikila usiku kucha. Watoto hulipenda mno. Mimi nasema waonyeshwe stesheni zote mbili siku moja.

Katikati ya mji mtu hahitaji gari. Aanzie Uwanja wa Nyerere, penye sanamu ya Mwalimu, ambapo jioni familia hukaa na wapiga picha huuza picha zao. Kwa mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo ataliona Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu la Kianglikana lenye kuba. Dayosisi yenyewe ilianzishwa mwaka 1927, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Atafika pia kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba la Wakatoliki, na msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2010 kwa msaada wa Libya, ambao watu huuita msikiti wa Gaddafi. Nyumba hizi za ibada zimesimama karibu karibu hata kengele na adhana husikilizana. Mgeni wa kutoka mbali hulitaja jambo hili kabla ya mengine yote, na sisi tuliolizoea hata hatulisikii.

Mahali ambapo karibu mwenyeji hakuna anayepajua ni jumba dogo la kuonyeshea mawe katika ofisi ya uchunguzi wa miamba na madini. Kazi ile ilianzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1925. Pale kuna mawe ya kila namna ya nchi hii, na mtoto anayesoma jiografia atapata kwa saa moja alichokosa darasani kwa muhula mzima. Ataambiwa kwamba majabali haya ya Dodoma, tunayopandia mbuzi na kuanikia uwele, yamepita umri wa miaka milioni 2,500. Hapo Colosseum ni mtoto mchanga.

Bunge nalo laonekana, mradi mtu afuate taratibu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa Oktoba 1973. Bunge likaanza kukutana hapa mwaka 1996, na jengo lake la sasa likafunguliwa mwaka 2006. Serikali yenyewe ilikawia mno. Wengi wetu tulizaliwa tukiambiwa kwamba inakuja, tukakua, tukaoa, bado inakuja. Ilitangazwa kwa nguvu mwaka 2016 kwamba sasa yahama kweli, mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na sheria ya kuitambua kuwa makao makuu ya nchi ikapitishwa mwaka huo huo. Wakati wa vikao, vikundi vya wanafunzi na vya wanawake huja kukaa katika ukumbi wa wageni na kusikiliza. Mwalimu anayetaka kuleta darasa lake aandike barua mapema kupitia kwa mbunge wake.

Nisije nikasahau zabibu. Mizabibu tunaisoma katika Maandiko, tena ni mmea wa nchi za bahari ya Mediterania, Italia na Ugiriki na Palestina. Mapadre wa Kiitaliano waliipanda Bihawana mwaka 1957, pengine kwa kutamani nyumbani, ikakubali. Ikakubali kupita walivyotegemea, kwa maana huko kwao mzabibu huzaa mara moja kwa mwaka, lakini Dodoma mkulima huvuna mara mbili. Hatuna baridi ya kuulaza. Ukikatwa matawi huchipua upya. Leo Makutupora kuna kituo cha uchunguzi wa zabibu, na mashamba yameenea mpaka Hombolo na Mpunguzi. Kuhusu mvinyo kila nyumba ina msimamo wake, nami sitauingilia. Lakini kutembea asubuhi katikati ya mistari ya mizabibu wakati vichala vimeiva ni jambo la kumfurahisha mtu yeyote, na mkulima akiombwa kwa adabu hamkatazi mgeni. Usinunue mjini kwenye kituo cha mabasi. Nunua shambani, utalipa kidogo na utakula tamu.

Sasa tushike barabara ya mashariki, ile ya Morogoro. Tunaupita Mtumba, mji wa wizara uliofunguliwa Aprili 2019, kisha tunafika Chamwino. Hapa Ikulu mpya ilifunguliwa Mei 2023, nayo imefanana na ile ya Dar es Salaam. Mtu wa kawaida huitazama kwa mbali, na kwa kweli mimi Chamwino napapenda kwa jambo lingine. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikuja akakaa hapa, akifyatua matofali pamoja na wanakijiji. Wako watu waliosimama naye katika tope lile, nao wanazidi kupungua kila mwaka. Tena hapa Chamwino ndipo hufanyika tamasha la muziki wa Wagogo lililoanza mwaka 2009. Vikundi hutoka vijiji vyote na mazeze, ilimba na filimbi, na wanawake wakapiga ngoma zao za muheme huku wamezibana katikati ya magoti. Asiyesikia sauti za Wagogo zikipandana nne au tano kwa pamoja bila ala yoyote hajafika Dodoma, hata kama amelala katika hoteli ya thamani kubwa.

Mbele kidogo ni Buigiri kwetu, yapata kilometa 35 kutoka mjini. Hapa iko shule ya wasioona iliyofunguliwa na Kanisa mwaka 1950, ya kwanza nchini kwa kazi hiyo. Watu waliosomeshwa hapa kwa maandishi ya nukta wamekuwa walimu, wanasheria na wachungaji. Nasita kuiweka shule katika orodha ya mahali pa kutazama, kwa sababu wako wageni wanaokuja na simu zao wakawapiga watoto picha kama kwamba ni wanyama wa hifadhi, na mtoto asiyeona hata hajui kwamba amepigwa picha. Anayetaka kuja amwandikie kwanza mwalimu mkuu, aje siku aliyopangiwa, akae, asikilize watoto wakiimba na kusoma, na aache simu mfukoni. Aje na karatasi nzito za maandishi yao badala ya peremende.

Ukiendelea mpaka Mbande na kukata kulia utafika Kongwa. Hapa pana funzo ambalo nchi tajiri zilizolipia hazipendi kulikumbuka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta baada ya vita, iliamua kulima karanga katika eneo la zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa yake katika nchi hii, na Kongwa ndipo ilipoanzia. Walileta matrekta, na yalipokosekana wakageuza vifaru vya vita kuwa matrekta. Mibuyu ikakataa kung'oka, nyuki wakatoka katika mashimo yake wakawafukuza madereva. Udongo, ambao wakati wa mvua ulionekana mwekundu na laini, kiangazi ukawa kama tofali, karanga zikashikwa ndani yake zisichimbuke. Mvua ikafanya kama ifanyavyo kwetu siku zote. Mwaka 1951 kazi ikaachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda na vumbi. Mgogo yeyote angaliulizwa mvua ya Kongwa ni ya namna gani angalijibu bila malipo.

Miaka michache baadaye Kongwa ikapata kazi nyingine. Tangu mwaka 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia, Angola na Zimbabwe walikuwa na kambi zao hapa, na makaburi ya waliofia ugenini yapo. Watu hutoka Maputo na Windhoek kuja kuyaona. Kutoka Dodoma mjini ni mwendo wa saa moja na nusu, na bado sijakutana na watu wengi wa mjini waliowahi kufika.

Mwenye nafasi ya siku moja zaidi aweza kwenda Mpwapwa, walikofika wamisheni wa CMS mwaka 1876. Au Bahi upande wa magharibi, penye mbuga ya maji, mpunga na ndege wengi baada ya masika. Au Mtera kwenye barabara ya Iringa, palipozuiliwa mto Ruaha, akale perege wabichi na kutazama viboko. Kule Mtera watoto wasisogee ukingoni, kwa kuwa mamba wapo.

Mahali pakubwa kupita pote nimepaweka mwisho kwa kuwa panataka safari. Ni Kolo, katika wilaya ya Kondoa, yapata kilometa 180 kaskazini ya Dodoma. Zamani safari ile ilikuwa adhabu. Tangu barabara ya lami ya Dodoma mpaka Babati ilipofunguliwa mwaka 2018 mtu hutoka asubuhi akarudi jioni. Huko, chini ya majabali yaliyoinama kama paa la nyumba, kuna michoro ya watu wa kale. UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2006, na mahali pa michoro ni zaidi ya 150. Imechorwa kwa muda usiopungua miaka 2,000, kizazi baada ya kizazi. Ile ya zamani ni myekundu: tembo, twiga, pofu, na watu warefu wembamba wenye nywele au mapambo ya ajabu kichwani. Hudhaniwa kwamba waliochora walikuwa wawindaji, ndugu wa asili wa Wasandawe na Wahadzabe ambao tungali nao. Juu yake, pengine bila kuijali, imechorwa mingine kwa rangi nyeupe, ambayo hudhaniwa kuwa kazi ya wakulima waliokuja baadaye.

Mary Leakey, yule bibi mtaalamu wa mambo ya kale, alikaa huko na familia yake mwaka 1951 akinakili, akapata picha zaidi ya 1,600. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983, na jina alilokipa lina maana ya sanaa ya Afrika inayotoweka. Katika mchoro mmoja mashuhuri kuna mtu katikati ameshikwa mikono na watu wa pande mbili. Wengine husema wanagombania mwanamke. Wengine husema ni ngoma ya uganga, na yule wa katikati anasaidiwa asianguke. Simama pale na watoto wako uwaulize wao. Utasikia majibu ambayo hayamo katika vitabu.

Na sasa neno la masikitiko. Michoro hii inakwisha. Jua na maji ya mvua hufanya kazi yao polepole, lakini watu hufanya kwa haraka. Wako walioaminishwa kwamba Wadachi walifukia hazina chini ya majabali wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918, nao wamechimba mashimo pale pale Mungumi, chini ya michoro, wakatimua vumbi lote likaganda ukutani. Hapana aliyetajirika. Vita ilifika Kondoa kweli, mwaka 1916, lakini ilichoacha Ugogo na Irangi ni mazizi matupu na ile njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 ambayo babu zetu waliitaja kwa sauti ya chini. Watu waliokuwa wakifa hivyo, nani aliyekuwa na dhahabu ya kufukia?

Shauri la pili ni gumu zaidi. Wazee wa Kirangi hupanda Mungumi kuomba mvua na uponyaji, na katika desturi ile pombe ya nafaka hunyunyizwa juu ya mwamba. Wataalamu husema pombe inaharibu rangi. Wazee hujibu kwamba mahali pale palikuwa pao kabla ya wataalamu, na UNESCO wenyewe walipopaandika walizitaja desturi hizo kuwa sehemu ya heshima yake. Mimi sishiriki ibada ile, na msomaji anajua sababu. Hata hivyo naona si haki kumfungia mzee lango na kumfungulia mtalii kwa sababu huyu ana tiketi. Wakae chini, watafute jabali lisilo na picha kwa ajili ya kunyunyizia, na wazee wenyewe wapewe kazi ya kulinda. Mchimba hazina hamwogopi karani wa ofisi, lakini mzee wa Mungumi anamwogopa.

Anayetaka kwenda apande basi la Kondoa au la Babati, ashuke kijiji cha Kolo. Ofisi ya Mambo ya Kale ipo pale pale kijijini. Alipe kiingilio, apewe risiti na mtu wa kumwongoza, maana bila mwongozaji hataipata njia. Kutoka barabarani ni yapata kilometa 10, kisha kilima cha kupanda kwa miguu. Avae viatu vya kufunga na achukue maji ya kutosha. Maji hayo ni ya kunywa tu: asiyamwage juu ya picha ili rangi ikolee kwa ajili ya simu yake, wala asiziguse kwa mkono. Afike mapema kabla ya saa nne, jua likiwa bado chini.